Walitia Chumvi?

Nyama ililetwa juu ya ubao, imeshakatwakatwa, na pembeni kulikuwa na kilima kidogo cha chumvi, kama ilivyo kawaida ya hoteli za Machakos. Tulikuwa tumekaa kwenye meza tatu zilizounganishwa, watu waliosoma darasa moja la shule ya msingi, na sasa kila mmoja ana kitambi au mvi au miwani. Mmoja wetu alikuwa ametutafuta kwa bidii, akatukusanya kwanza kwenye kikundi cha simu, halafu kwenye bustani ile. Mimi nilitoka Lodwar, ambako nilikuwa nauza vitenge, na kabla ya Lodwar nilikuwa Juba, na kabla ya Juba nilikuwa Arua. Siwezi kukaa mahali. Nikizoea njia ya kwenda dukani bila kufikiri, naanza kukunja nguo. Lakini nilikwenda, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza Machakos ndio mwaka pekee ninaoweza kuukumbuka chumba kwa chumba na chakula kwa chakula, na mtu anayezunguka kama mimi hushikilia kitu kama hicho hata kama kinamchoma. Basi Kimeu, ambaye sasa ana duka la vifaa vya ujenzi na wakati ule alikuwa mtoto mwembamba wa dawati la nyuma, alichovya kipande cha nyama kwenye chumvi, akaniona namtazama, akacheka. "Jamani, si tumwondolee Nsimire hii chumvi? Kwani mmesahau? 'Mwalimu, muulize, walitia chumvi?'" Meza yote ikacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha upole, kama cha watu wanaokumbuka siku mbuzi alipoingia darasani. Na hicho ndicho kilichonipandisha damu, ule upole wake.

Ndugu yangu Mugisho hakuwepo mezani. Naye alikaa darasa hilo hilo, dawati la mbele, na alialikwa kama sisi wote, ila hakujibu. Wangemwandikia kwa Kikamba angejibu. Kiswahili hajakisema tangu mwaka ule, na Kiswahili ndiyo lugha aliyozaliwa nayo, lugha aliyomwitia baba. Hakuipoteza. Ilichukuliwa, mchana kweupe, mbele ya darasa zima, na walioichukua hawajui hata kwamba wanayo. Ndiyo maana ninaandika sura hii kwa hasira, na sitaipooza.

Baba aliuawa barabarani tulipokuwa tunakimbia kutoka Bukavu. Alipigwa na watu wenye fimbo na vyuma, mbele yetu. Nalisema hili mapema ili msomaji asibaki akikisia, na pia kwa sababu mwaka mzima ule hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeniacha niimalize sentensi hiyo. Mama alitufikisha Machakos kupitia watu wa kanisa, mimi nikiwa na miaka kumi na mitatu na Mugisho tisa. Tulipewa chumba cha mwisho katika ploti ya mabati, safu ya vyumba vya kupanga, nyuma ya duka la mbao, karibu na barabara ya kwenda Wote. Kilikuwa na kitanda kimoja tulicholala watatu, jiko la makaa, ndoo mbili, na kitenge kikuukuu cha Mama kilichotundikwa katikati ili upande mmoja uitwe sebule. Kutoka kwa duka la mbao ilikuja harufu ya mbao mbichi siku nzima, harufu nzuri, na hadi leo nikipita mahali panapopasuliwa mbao nasimama bila kujua nasubiri nini. Ukuta wa mabati hauzuii neno. Tuliwasikia wanawake wa ploti wakifua na kutujadili, nusu Kikamba nusu Kiswahili, kama vile hatukuwepo.

"Hawa watu wa Kongo wako na pesa. Ona vile mama yao amevaa."

"Pesa gani? Hiyo ni kitenge moja, anafua usiku anavaa asubuhi."

"Na huyo msichana mrefu, eti ako class three."

"Class three? Si huyo anaweza kuzaa mwalimu."

Wakacheka, na mimi nikacheka kimyakimya nyuma ya kitenge kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa na sikuwa na Kiingereza, kwa hiyo mwalimu mkuu alinitazama, akamtazama Mugisho, akatuweka darasa moja kama mizigo ya mtu mmoja. Niliketi nyuma kabisa, magoti yamekwama chini ya dawati, karibu na Kimeu. Mugisho alikaa mbele kwa sababu alikuwa mdogo, na kwa sababu alipenda kujibu. Hili nataka lisisahaulike: yule mtoto alipenda kujibu. Majuma ya kwanza alikuwa akinyanyua mkono hata kabla swali halijaisha. Nyumbani alisema mfululizo. Alimsimulia Mama mambo yote ya shule akiwa ameshika bugali, ugali wetu, mkononi mpaka bugali inapoa, na Mama anamwambia, "Kula kwanza, mutoto wangu, habari haziozi."

Sasa lazima nieleze neno moja. Kwetu Bukavu, kupiga tunakutamka kupika. Tunapika simu, tunapika magoti kanisani, watoto wanapika mpira. Chakula pia tunapika, na sijawahi kumwona mtu wa Bukavu akichanganya mambo hayo mawili, kama vile mtu wa Machakos hachanganyi kaa la moto na kaa chini. Na pale Wakenya wanaposema "wali", sisi tunasema "bali": balikuja, balisema. Hatukujua kwamba hayo ni makosa. Tuliambiwa tunakwenda nchi ya Kiswahili, tukafurahi, tukafikiri angalau hilo hatutalazimika kujifunza.

Mwalimu wetu wa darasa aliitwa Ndunda. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye viatu vinavyong'aa hata siku za tope, na alisifiwa na wazazi kwa kuwa mkali. Asubuhi moja aliamua kila mtoto asimame aseme baba yake anafanya kazi gani. Mmoja akasema baba anachonga vinyago Wamunyu, mwingine akasema baba ni dereva, mwingine baba analima. Akafika kwa Mugisho, ambaye tayari alikuwa amesimama.

"Wewe wa Kongo, baba yako?"

"Baba alikufa, Mwalimu. Balimupika."

Mwalimu Ndunda akainamisha kichwa. "Walimpika?"

"Ndiyo, Mwalimu. Balimupika na miti. Balimupika mpaka akakufa."

Watoto hawakujua wafanye nini na jambo kubwa kama lile, na nadhani kama mtu mzima aliyekuwa mle ndani angesema neno moja tu la kawaida, hata pole, wangebaki kimya. Badala yake Kimeu, pembeni yangu, alisema kwa sauti ya adabu kabisa, mkono juu, "Mwalimu, muulize, walitia chumvi?" Darasa likapasuka. Mwalimu Ndunda akageukia ubao na kuweka dasta mdomoni, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na vumbi la chaki likamwingia akakohoa, na watoto wakacheka zaidi kwa sababu mwalimu naye ameshindwa kujizuia. Mugisho alicheka pia. Alitazama huku na huku, akacheka na wenzake, kwa sababu hakujua wanacheka nini na alitaka kuwa pamoja nao.

Mimi nilijua upesi zaidi. Nilisimama, dawati likainuka nami, nikasema, "Hapana! Si kupika ya chakula. Ni kupika. Kupika!" na nikapiga ngumi kwenye kiganja changu ili waone. Sikuwa na neno lingine. Hebu fikiria kulitafuta neno la kifo cha baba yako na kila ukifungua mdomo linatoka lile lile la jikoni. Wakaitazama ngumi yangu inayopanda na kushuka, na mtoto mmoja akasema, "Ah, walimtwanga kwanza." Mwalimu akafuta macho. "Kaa chini, wewe. Nyote nyamazeni, ama nitawapiga." Ndivyo nilivyojifunza vile Wakenya wanavyolitamka neno lile. Mwalimu Ndunda alinifundisha dakika moja baada ya kulihitaji, na alinifundisha kama tishio.

Wakati wa mapumziko walikuwa wameshatunga mchezo. "Leo Kongo mmepika nani?" "Usikae na yeye, anaangalia mkono yako vile inanona." Walifanya hivyo kwa majuma, bila chuki yoyote, huku wakitugawia mihogo yao ya kuchemsha, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kupigana nao. Nilipigana hata hivyo. Nilimng'oa Kimeu jino la mbele, jino la utoto lililokuwa linatikisika tayari, na nikachapwa kwa ajili yake.

Mugisho hakunyamaza siku ile. Watu wakisimulia mambo haya hupenda iwe hivyo, mlango umefungwa, kimya. Haikuwa hivyo. Alianza kwa kuliruka neno lile. Badala ya kusema "Mama anapika" alisema "Mama iko pale kwa moto." Kisha akaruka maneno yaliyokaa karibu nalo, sufuria, kuni, nyama. Kisha akaacha kusema shuleni, kwa sababu shuleni huwezi kujua neno lipi litachekwa. Halafu nyumbani sentensi zikafupika, zikawa neno moja, likawa kutikisa kichwa, na siku moja katikati ya muhula wa pili niligundua kwamba sikumbuki mara ya mwisho kuisikia sauti yake. Alilowesha kitanda. Mama alifua shuka kabla ya majirani kuamka, lakini kamba ya nguo ilikuwa moja kwa ploti nzima, na mabati hayazuii neno.

"Huyo kijana anakojoa, na ni mkubwa."

"Ni kudekezwa."

Nimekuja kujua baadaye, kwa kuzungukazunguka na kukaa katika kambi na miji ya watu waliokimbia, kwamba mtoto wa namna ile yupo kila mahali. Nimewaona Arua. Nimewaona Kakuma wakikaa mlangoni wamemkumbatia mdoli asiye na kichwa. Na kila mahali nimesikia watu wazima wakisema jambo lile lile, wakilisema kwa utulivu kama mtu anayekueleza hali ya hewa: watoto husahau. Mwalimu mkuu alimwambia Mama hivyo. Mama mchungaji alimwambia hivyo, akimpa nguo za mitumba. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mtoto, nikikumbuka kila kitu, na Mugisho amesimama pembeni yangu akikumbuka hata zaidi, na wanasema juu ya vichwa vyetu kwamba hatuna kitu ndani. Nani aliwaambia? Walimuuliza mtoto gani?

Kila mtu alikuwa na dawa yake. Mwalimu Ndunda aliamini ni kiburi. "Simama uongee. Nani amekukataza kuongea? Kwani sisi ni nani, hutaki kutusalimia?" Alimchapa viganjani na Mugisho akanyoosha mkono wa pili bila kuambiwa, na hilo lilimkasirisha mwalimu zaidi kuliko kilio. Kanisani walimweka mbele, wakamwekea mikono, wakaliamuru pepo bubu litoke, na kila waliposhika kichwa chake alitazama dirisha. Pepo halikutoka. Wakasema labda mama ana jambo hajatubu. Mwalimu mkuu akasema, na hili nalo akalisema juu ya vichwa vyetu, kwamba asipoongea kufikia mwisho wa mwaka atapelekwa shule ya watoto bubu, mbali, ya kulala huko huko, kwa sababu shule yake haiwezi kubeba mtoto asiyejibu. Mama alirudi nyumbani akaketi kitandani na mkoba begani. "Banataka kunitolea mutoto," aliniambia. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini sana, na kuanzia siku ile hilo ndilo lililokuwa katika chumba chetu asubuhi na jioni: aseme kabla ya Desemba, ama aondoke.

Katikati ya hayo tuliitwa Nairobi kwa ajili ya karatasi zetu. Kulikuwa na meza, na mtu mwenye tai, kijana tu, na mkalimani ambaye hakuhitajika. Mama alisimulia. Alisimulia vizuri, kwa utaratibu, akiwa amejifunza kusema "walimpiga" ili asichekwe, mimi ndiye niliyemfundisha. Yule kijana alisikiliza, akaweka kalamu chini, akatabasamu kama mtu anayekuonea huruma kwa uongo mdogo. "Mama, hapa naona umetia chumvi kidogo."

Alimaanisha tu kwamba ameongeza maneno. Ni usemi wa kila siku, hata mimi nautumia. Lakini niliona kichwa cha Mugisho kikigeuka, polepole, kunitazama mimi. Alikuwa amelisikia tena, kutoka kwa mtu mzima, katika ofisi, na kwa masikio yake hapakuwa na usemi wowote pale. Serikali nayo ilikuwa inauliza kuhusu chumvi. Jioni ile Mama alipika sukuma wiki, Mugisho akaonja, akatema, akasukuma sahani. Kesho yake hivyo hivyo. Ilituchukua muda kuelewa kwamba alikataa kila kitu kilichotiwa chumvi. Mama alimpikia kando bila chumvi, lakini Mugisho alikuwa ameshamwona akishika mkebe ule wa chumvi, na akiona mkono wake umeenda kwenye mkebe hakula kabisa. Alikonda mpaka masikio yakawa makubwa.

Aliyemlisha hakukusudia kumlisha. Chumba cha kwanza katika ploti, penye mlango wa kuingilia, aliishi mwanamke aliyeitwa Mama Kavinya, mjane, mdomo mkali, ndiye aliyesema nilikuwa naweza kuzaa mwalimu. Alitwanga mahindi na kuuza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa kwa kinu yanayopikwa na maharagwe, na kinu chake kilikuwa nje ya mlango. Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia, kusengenya na kugombana tu. Kwa mambo mengine yote alitumia Kikamba, awe anasema na Mkamba, na Mkikuyu wa duka la mbao, au na kuku. Daktari alikuwa amemkataza chumvi kwa sababu ya presha. Alilalamika juu ya hilo kila siku kwa ploti nzima, kwamba anakula kama mgonjwa, kwamba hayo si maisha. Mugisho alianza kukaa karibu na kinu baada ya shule. Mama Kavinya hakumuuliza kitu. Sidhani ilikuwa busara, nadhani hakupenda kusikiliza watu wengine. Alisema yeye, tangu pigo la kwanza la mchi hadi la mwisho, kuhusu binti zake, kuhusu bei ya mahindi Ekalakala, kuhusu mume wake marehemu ambaye hakumlilia sana. Jioni alipakua muthokoi wake usio na chumvi katika sahani mbili bila kukatiza maneno, "Ũka tũye," njoo tule, akasukuma moja upande wa mtoto. Na Mugisho, aliyeuona mkono wake tangu mwanzo hadi mwisho haujagusa mkebe wowote, alikula.

Akala kesho yake na kesho kutwa. Mama alisimama mlangoni kwetu akimtazama, na uso wake ulikuwa na furaha na wivu kwa pamoja. Ikaingia Novemba, mvua zikanyesha, na bado hakuna neno. Mwalimu mkuu akamwuliza Mama kama amemnunulia sanduku la bati la kwendea shule ya kulala.

Kisha jioni moja, mvua imeacha, tuko wote nje barazani, Mama anachambua sombe, majani ya muhogo, iliyopatikana kwa taabu, mimi nafua soksi, Mama Kavinya amepakua kama kawaida na anasimulia kama kawaida. Mugisho alikula vijiko kadhaa. Akatulia. Akatazama sahani kwa uso wa mtu aliyechoka na ujinga wa miezi mingi. Akasema, "Munyu."

Mama Kavinya akanyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mama akaangusha sombe. Kwa Kikamba munyu ni chumvi. Kwa Mashi, lugha ya mama yangu, ambayo sisi watoto wa mjini hatukuisema ila tuliisikia kwa bibi likizo zote, munyu pia ni chumvi. Ni neno lile lile, kutoka Bukavu hadi Machakos, limekaa linatusubiri.

"Iko nasema Mashi," Mama alisema huku analia. "Ile ni Mashi. Ile ni neno ya mama yangu."

"Mashi ni nini?" Mama Kavinya akasema, kijiko mkononi. "Hiyo ni Kikamba. Mimi ndio nimemfundisha. Munyu ni Kikamba safi."

"Mama, ni Mashi. Namuzaa mimi."

"Umemzaa lakini hapa amekula kwangu."

Waligombana kweli, wakanyanyua sauti, majirani wakatoka, wanawake wawili wazima wanagombania neno moja la mtoto, na mtoto mwenyewe ameshika sahani kati yao anasubiri. Mimi ndiye niliyeingia ndani nikaleta mkebe. Nilimtilia kidogo. Akatikisa kichwa, nikaongeza. Akala yote.

Ningependa kuishia hapo. Watu wengi wangeishia hapo. Lakini maneno yaliyofuata, na yalifuata kwa wingi, yalikuwa Kikamba. Mama alisubiri Mashi, nikasubiri Kiswahili, na kila siku mtoto alirudi kutoka kwenye kinu na Kikamba kingi zaidi, chenye mdomo mkali wa Mama Kavinya na malalamiko yake yote. Ilikuwa lugha ambayo ndani yake hakuna aliyewahi kumcheka. Na siku moja, nikiwa ndani, nilimsikia kupitia mabati, kwa Kikamba ambacho nami nilikuwa nimekiokota shuleni, akimsimulia yule mwanamke barabara, na watu, na baba. Kikamba kina neno lake la kupiga, kũkũna, nalo haliko karibu na jikoni. Alilitumia mara nyingi. Mama Kavinya hakusema chochote mpaka akamaliza. Halafu mchi ukaanza tena kupiga kinuni. Ndugu yangu alisema jambo lile kwa ukamilifu mara moja maishani, ninavyojua, na hakutuambia sisi. Mama alikuwa karibu nami, alisikia, na hakuelewa ila jina la baba.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu alimsimamisha Mugisho mbele ya wazazi, akamwambia asalimie, naye akasalimia kwa Kikamba kitupu. Watu wakapiga makofi na vigelegele. "Mnaona? Huyu sasa ni Mkamba kamili. Amezoea." Mwalimu Ndunda akampa mkono. Hakuna aliyeuliza amelipa nini. Tangu siku hiyo nimelisikia neno hilo, amezoea, likisemwa juu ya watoto wengi, na sijawahi kulisikia bila kutaka kumshika mtu shati. Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita akiitwa na Mugisho mwaitũ, ambalo ndilo jina la mama kwa Kikamba. Ni neno zuri. Aliliitikia kila mara. Lakini nilimwona, kila mara, akichelewa kidogo kabla ya kuitikia.

Basi pale mezani, nyama ikiwa inapoa, walipomaliza kucheka nilisema. Sikunyanyua sauti. "Baba yetu alipigwa. Alipigwa kwa fimbo na vyuma barabarani, mbele yangu na mbele ya Mugisho. Kwetu kupika ni kupiga. Mtoto wa miaka tisa aliwaambia hivyo, na ndugu yangu hajasema Kiswahili tena." Mmoja akaweka uma chini. Kimeu akafuta chumvi vidoleni.

"Nsimire, pole. Kweli hatukujua. Tulikuwa watoto, dadangu. Si unajua watoto husahau."

"Wewe umesahau?" nikamuuliza. "Umelirudia neno kwa neno, Kimeu. Hata 'Mwalimu, muulize' hukuiacha."

Sikumngoja ajibu. Mwalimu Ndunda, waliniambia, amestaafu na ni mzee wa kanisa anayeheshimika. Sikwenda kumwona. Nilichukua mkoba nikashuka Athi River, kwa ndugu yangu.

Anafanya kazi katika kiwanda cha nguo cha EPZ, anashona mikono ya shati, katika ukumbi wenye kelele kiasi kwamba hakuna anayetarajiwa kusema. Wenzake humwita Musyoka, jina alilopewa na Mama Kavinya, maana yake aliyerudi. Wengi hawajui ametoka wapi. Mke wake, Mkamba wa Masinga, alikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo Mugisho ndiye aliyekuwa jikoni, nami nikakaa kwenye kigoda, nikamsimulia kwa Kiswahili kila kitu, ubao, kilima cha chumvi, Kimeu, walivyocheka, nilivyosema. Hivyo ndivyo tunavyozungumza, mimi kwa Kiswahili, yeye kwa Kikamba, miaka yote hii. Hakunikatiza. Alikuwa anakoroga maharagwe na muthokoi, mgongo umenigeukia. Nilipomaliza aliuliza kwa Kikamba kama nimekula, nikasema hapana, niliondoka kabla.

Akachota kidogo kwa kijiko, akaonja, akatulia. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Munyu," alisema.

Mkebe ulikuwa karibu na mguu wangu. Nilimpa. Sikumuuliza amesema lugha gani. Ameulizwa ya kutosha.